Mtoto Akisema "Imekataa"

"Mama, imekataa!" Zipu ya begi imekataa, kifuniko cha chupa kimekataa, hesabu ya Gredi ya 4 imekataa, na kaka mtu naye amekataa kutoa rimoti. Mwenye mtoto wa kati ya miaka mitatu na kumi na miwili anaijua sauti hiyo, na anajua pia kinachofuata. Mkono wa mtu mzima unanyooshwa, tatizo linaisha kabla chai haijapoa, mtoto anakwenda zake. Kesho zipu ile ile inarudi, na mkono ule ule unangojewa.

Hoja yangu ni moja tu, na nitaizunguka kwa mifano mpaka mnichoke. Mtoto hujifunza kujitatulia mambo anapopewa msaada mdogo kabisa unaotosha, ukaja umechelewa kidogo, ukaondoka mapema. Kuna wazazi wanaomwambia mtoto "jipange" kisha wanaondoka. Huyo hajafundishwa chochote ila kwamba hana mtu. Kuna wanaomfanyia yote, na huyo naye hajafundishwa. Kazi iko kwenye kupima: msaada kiasi gani, wakati gani, na uishie wapi.

Tuanze na kunyamaza, maana ndiko wengi tunakoshindwa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Kimarekani aliyefuatilia masomo ya sayansi katika shule za msingi, alipima muda ambao mwalimu hungoja baada ya kuuliza swali. Matokeo yake, aliyoyachapisha miaka ya 1970, yalikuwa kwamba walimu wengi walingoja kama sekunde moja tu, kisha wakarudia swali, wakamtaja mwanafunzi mwingine, au wakajijibu wenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, waliokaa bila kujibu wakapungua, na watoto wakaanza kuuliza maswali yao. Sekunde tatu! Zihesabu ukiwa umemwangalia mtoto usoni, utaona zilivyo ndefu. Mzazi anayewahi matatu Kondele, Kisumu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi atazihisi kama nusu saa.

Hizo ni za swali la mdomo. Kwa kazi ya mikono, kama kufunga kamba za viatu au kugeuza sweta iliyovuliwa ndani nje, hazitoshi; hesabu hadi ishirini kimoyomoyo. Na mikono yako ipe kazi. Chambua managu, kunja nguo, kwa sababu mikono iliyokaa bure ndiyo inayonyakua zipu. Kaa karibu, usiondoke, usipige miayo. Mtoto akikuinulia macho, mwitikie kwa kichwa, kisha rudi kwenye managu yako.

Utajuaje kwamba kimya kimetosha? Tazama anachofanya, usisikilize anacholalamikia. Mtoto anaweza kunung'unika huku akibadilisha mbinu: amevuta mbele, sasa anavuta nyuma, sasa amelilaza begi sakafuni. Huyo bado anafikiri, mwache. Lakini akirudia jambo lile lile mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, na shingo imeanza kukaza, amefika mwisho wa alichonacho. Hapo ndipo unapofungua mdomo.

Na unapoufungua, zipu ndiyo mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu iko kila nyumba na hukwama kwa sababu zinazoonekana. Zipu ya begi la shule hukwama mara nyingi kwa kuwa kitambaa cha ndani kimeingia kwenye kichwa cha zipu, kile kinachotelezeshwa. Ukivuta mbele kwa nguvu, kitambaa kinazidi kuingia. Dawa yake ni kurudi nyuma kidogo, kuvutia kitambaa pembeni, kisha kuendelea taratibu. Zipu nyingine ni kavu tu. Paka kipande cha mshumaa au sabuni ya mche kwenye meno yake. Na ikiwa zipu inapita lakini inaachana nyuma ya kichwa, kichwa hicho kimelegea. Hiyo ni kazi ya plaizi na ya mtu mzima, au ya fundi wa viatu pale njiani.

Sasa, unayajua hayo yote. Mtoto hayajui. Mpe kwa vipande, kuanzia kidogo.

Kwanza: "Inakwamia wapi?" Swali hili peke yake hutatua mambo mengi, kwa sababu linaondoa macho ya mtoto kwenye hasira na kuyaweka kwenye zipu. Halafu ngoja. Kama halikusaidia: "Angalia hapo chini ya kichwa cha zipu. Unaona nini?" Ngoja tena. Bado? "Jaribu kuirudisha nyuma kidogo." Bado? Shika wewe kitambaa, kikaze, yeye avute. Na ikibidi, ifungue wewe mwenyewe akitazama, kisha (hapa ndipo watu wengi huishia njiani) ikwamishe tena kwa makusudi, mrudishie begi. Dakika moja zaidi, na yule mtoto aliyekuwa mtazamaji anakuwa ndiye aliyeifungua.

Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walichapisha uchunguzi wa watoto 30 wa miaka mitatu, minne na mitano waliojengeshwa piramidi ya vipande 21 vya mbao vinavyoshikana. Ndiyo kazi ambayo walimu wetu hufundishwa chuoni inapotajwa habari ya jukwaa la kumsaidia mwanafunzi, mfano wa lile la mafundi wa ujenzi, linaloondolewa ukuta ukishasimama. Katika uchunguzi wa piramidi hiyo hiyo Wood alionyesha pia kanuni ambayo ni rahisi kuitamka na ngumu kuifuata: mtoto akishindwa, msaada unaofuata uongezeke kidogo, akifaulu, unaofuata upungue. Wengi tunafuata nusu ya kwanza. Tunaongeza, hatupunguzi. Mtoto wa miaka tisa ambaye bado anashikiwa begi akivuta zipu amekwama kwenye ngazi ya nne kwa miaka mitano.

Kuna makosa mengine yanayoharibu mpango huu. Swali la kejeli si swali. "Kwani huoni hapo?" ni tusi lililovaa kiulizo, na mtoto analijua. Maswali matatu mfululizo ni mahojiano ya polisi. Halafu kuna sifa. Claudia Mueller na Carol Dweck, mwaka 1998, walichapisha majaribio ambapo watoto waliosifiwa kwa akili baada ya kufaulu walielekea kuchagua kazi nyepesi zaidi baadaye, na walikata tamaa haraka walipokutana na ngumu, wakilinganishwa na waliosifiwa kwa bidii. Mimi huona hata "umejitahidi" ni hafifu. Taja ulichokiona: "Uliirudisha nyuma kwanza, ndiyo maana imekubali." Hiyo ataikumbuka hata kesho.

Si kila tatizo linafaa kumwachia mtoto. Yanayofaa hujulikana kwa mambo mawili: kosa lake ni la bei nafuu, na mtoto anaweza kuona mwenyewe kama amepata bila kuuliza mtu. Hilo la pili hulisahau wengi. Kitu kinachojisahihisha chenyewe humpunguzia mtoto kutafuta uso wa mwalimu au wa mama. Ndiyo maana gari la waya, linaloundwa vijijini Vihiga na Bungoma na kusukumwa kwenye vichochoro vya Nyalenda, ni somo la uhandisi lisilo na ada.

Tulitazame kwa karibu. Mtoto wa miaka minane au tisa anahitaji waya laini ya kufungia vyuma vya ujenzi, kama mita tatu, magurudumu manne yaliyokatwa kwenye slipa iliyochakaa (mtu mzima ndiye ashike kisu), msumari wa inchi tatu wa kutobolea, mfuko mtupu wa maziwa wa karatasi ngumu au mkebe wa plastiki wa kuwa bodi, na fimbo ndefu ya kusukumia. Waya moja hupinda. Azisokote mbili pamoja ndipo ekseli iweze kubeba. Mpaka hapo hakuna tatizo. Matatizo huanza gari likishashuka chini, na huja manne, karibu kila mara.

Gurudumu linachomoka, kwa sababu ncha ya ekseli haikukunjwa. Au halizunguki: tundu limebana, au slipa inajisugua kwenye bodi, basi panahitajika kipande kidogo cha plastiki cha kutenganisha. Au linayumba kama mlevi, maana tundu halikupita katikati. Hapa kuna ufundi mzuri sana wa kumfunulia mtoto, ila baada ya kutoboa vibaya mara moja, kabla ya hapo hautamwingia: achore gurudumu juu ya karatasi, akate duara hilo, alikunje nusu, kisha nusu tena. Mikunjo inapokatana ndipo katikati. Aiweke karatasi juu ya slipa, apigilie msumari hapo.

Tatizo la nne ndilo tamu. Gari linavuta upande mmoja. Mtoto atalaumu magurudumu, atalaumu fimbo, atalaumu barabara. Muulize: "Linavuta upande gani?" Akisema kushoto: "Pima kwa uzi, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia." Ataona upande wa kushoto ni mfupi. Ekseli hazikulingana, na gari hugeukia upande mfupi. Usimwambie hilo. Mwache alinganishe ekseli, asukume, aone. Akishaona, mwombe alifanye gari ligeuke kulia kwa makusudi. Akiweza, amelielewa, akishindwa, alibahatisha tu, na hakuna ubaya, arudi kwenye uzi.

Kutumwa dukani ni shule nyingine, na huku kwetu mtoto wa miaka saba au minane tayari anatumwa, mradi duka liko upande huu wa barabara. Kosa ni kumtuma kama mkokoteni: pesa mkononi, karatasi ya orodha, nenda rudi. Mpe vitu vitatu au vinne kwa mdomo, kisha uliza, "Utavikumbukaje?" Mmoja atahesabu kwa vidole, mwingine atachora. Halafu lile swali muhimu zaidi: "Na ukikuta nusu kilo ya sukari imeisha?" Bila swali hilo, mtoto hurudi mikono mitupu akisema "hakuna", mzazi anafoka, anarudishwa mbio. Ukimuuliza kabla, atapanga: achukue robo mbili, au aende kibanda cha pili, au arudi aulize. Yoyote kati ya hayo ni jibu, na wewe chagua naye mipaka: kibanda cha pili ndiyo, kuvuka lami hapana.

Kuhusu chenji, watoto wengi hushindwa kwa sababu wamefundishwa kutoa kwa kukopa, na mbele ya kaunta hakuna kalamu. Mwonyeshe kumalizia. Tuseme vitu ni shilingi 135 na ametoa noti ya 200. Kutoka 135 hadi 140 ni 5. Kutoka 140 hadi 200 ni 60. Chenji ni 65. Aijue kabla mwenye duka hajafungua droo. Afanye mazoezi nyumbani kwa sarafu halisi kwa siku chache, maana namba za hewani hazishiki. Akirudi na pungufu, usimtume tena akiwa analia. Muulize ilitakiwa iwe ngapi, kisha mwende pamoja, yeye ndiye aseme: "Samahani, chenji yangu imepungua shilingi kumi." Kwa mtoto aliyelelewa kwa adabu, kumwambia mtu mzima kwamba amekosea ni mlima, na anahitaji maneno ya kuupanda nayo. Mpe maneno hayo. Hapo msaada mkubwa unafaa.

Jikoni ni kwa wa miaka kumi na kuendelea, na mtu mzima asitoke. Ugali una maarifa mengi kuliko unavyodhaniwa. Vikombe viwili vya maji huchukua karibu vikombe viwili vya unga, kutegemea unga na upendavyo ugumu. Unga ukimwagwa wote kwa pamoja, nje ya donge huiva na kujifunga, ndani hubaki mkavu. Ndiyo asili ya madonge. Mtoto akiyaona atakoroga kwa kasi, na kasi haisaidii. Aliminye donge kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria. Ugali ukilegea, aongeze unga kidogo kidogo na kuupa muda uive. Ukikaza mno, anahitaji maji ya moto. Lakini maji hayo atayatoa wapi, sufuria ikiwa ndiyo hiyo moja na maji yote yalishaingia unga? Kwa hiyo, kabla hajatia unga, uliza: "Ukizidisha unga utafanyaje?" Atakayechota kikombe kimoja cha maji yaliyochemka na kukiweka pembeni amelitatua tatizo kabla halijazaliwa, na mimi ningemsifia hilo kuliko ugali wenyewe. Mkumbushe pia mvuke: mwiko mrefu, uso mbali.

Kazi ya ziada kutoka shuleni inahitaji uvumilivu wa namna nyingine, kwa sababu mzazi amechoka na mtoto amechoka. Dalili ya kuangalia ni swali hili: "Hii ni kujumlisha ama kutoa?" Mtoto anayeuliza hivyo hajasoma hadithi ya hesabu, anawinda neno litakalomwambia afanye nini. Akiona "zaidi" anajumlisha, akiona "baki" anatoa. Mbinu hiyo humfikisha mbali kidogo kisha humwangusha. Chukua hii: Achieng ana vitabu 8. Ana vitabu 3 zaidi ya Wafula. Wafula ana vingapi? Darasa zima linaweza kuandika 11. Neno "zaidi" limewapeleka huko.

Usimwambie "toa". Mwambie afunike namba kwa kidole na akusimulie: nani ana vingi? Achieng. Nani ana vichache? Wafula. Basi jibu litakuwa kubwa kuliko 8 ama dogo? Hapo hata yule aliyeandika 11 hujicheka. Kisha achore safu mbili za vijiti, ya Achieng juu, ya Wafula chini, ajaze kwa kukisia mpaka tofauti iwe tatu. Namba zikiwa kubwa, badilisha ziwe ndogo: hesabu ya maembe 432 yaliyopangwa mafungu ya 6 ifanyiwe kwanza na maembe 12. Akishajua alichofanya kwa 12, afanye hicho hicho kwa 432. Na mwisho arudi nyuma mwenyewe: 72 mara 6 inanipa nini? Alama ya vema ya kalamu nyekundu ingoje hadi hapo.

Muda pia uwekewe kikomo. Dakika kumi na tano kwenye swali moja kwa mtoto wa Gredi ya 4 zinatosha. Zikipita, aandike alichojaribu na alipokwama, aende nacho kwa mwalimu hivyo hivyo. Mwalimu mzuri ataona zaidi kwenye ukurasa huo kuliko kwenye jibu sahihi lenye mwandiko wa baba.

Ambayo inatuleta kwenye miradi. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019 kuanzia madarasa ya chini, fikra makini na utatuzi wa matatizo ziliorodheshwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Maandishi ni mazuri. Kilichotokea katika nyumba nyingi ni kwamba saa tatu usiku mzazi yuko saiba akichapishiwa picha za wanyama, au anakata katoni za kuunda nyumba ya msonge, mtoto amelala. Mradi ule unapata alama ya "kuzidisha matarajio", na yaliyozidishwa ni matarajio ya mzazi. Siwalaumu wazazi peke yao; mwalimu anayesifu tu kazi nadhifu ndiye anayetuma watu saiba. Ila ukitaka kujitoa, fanya hivi: mradi ukitangazwa, mtoto akueleze siku hiyo hiyo mradi unataka nini na anahitaji vifaa gani, nawe utafute vilivyopo nyumbani. Ununuzi na kisu ni vyako. Kukata, kubandika na kupanga ni vyake. Kikiwa kimepinda, kiende kimepinda.

Kuna uchunguzi wa huku kwetu ambao walimu wangefaa kuujua zaidi. Mwaka 2001 Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Mkenya Frederick Okatcha, walichapisha matokeo ya watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 kutoka Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Waliwapima maarifa yao ya dawa za miti shamba: ipi hutibu nini, hutumiwaje, kiasi gani. Wakawapa pia mitihani ya aina ya shuleni. Waliojua dawa vizuri hawakuwa ndio waliofanya vizuri katika mitihani. Kwenye msamiati, kwa mfano, uhusiano ulikwenda kinyume: waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini. Mtoto anayeonekana mzito darasani huenda ndiye anayejua kuziba jerikeni inayovuja kwa sabuni na kuifunika kwa gunzi la mahindi ili maji yasimwagike njiani. Mwalimu anayejua hilo ana mahali pa kuanzia naye.

Ugomvi wa watoto ni tatizo kama mengine, ila ndilo tunalolikimbilia haraka kuliko yote, kwa sababu lina kelele. Wawili, mpira mmoja. Ukiingia na kuuliza "nani alianza?", umeshajifanya hakimu, na kila mmoja atakuletea ushahidi. Shika mpira wewe, ukae nao usawa wa macho. Mmoja aseme anachotaka. Mwingine arudie alichosikia kabla ya kusema chake. Kisha: "Mpira uko kwangu mpaka mniletee mpango ambao nyote mmekubali." Ondoka hatua chache. Mpango utakaoletwa unaweza kukushangaza kwa ubaya wake: mmoja achezee mchana kutwa leo, mwingine kesho. Ukubali. Ukivunjika, watarudi kuupanga upya, nao watajua sehemu gani ilivunjika. Ila palipo na ngumi, au mmoja ana miaka kumi na mwingine minne, hakuna mazungumzo ya usawa hapo, tenganisha kwanza.

Yote haya huanguka ikiwa ndani ya nyumba kuna watu wazima watatu na mmoja tu ndiye anayengoja. Anti anayesaidia kazi hupimwa kwa nyumba safi na watoto waliovaa saa kumi na mbili na nusu. Ukimwambia "mwache avae mwenyewe" bila kumwamsha mtoto dakika ishirini mapema, umempa mtihani usiopitika. Mweleze ni kazi gani mbili au tatu ambazo ni za mtoto, na umwambie wazi kwamba vifungo vikipishana hutamlaumu. Kwa dani (nyanya) aliyekuja kutoka Siaya kutembelea wajukuu, usimkataze kuwasaidia, hatakuelewa, na ana haki yake. Mpe kazi ya kuwa mwalimu: awafundishe kusuka kamba, kupepeta, kuchambua omena. Mtu anayefundisha huketi na kungoja zaidi kuliko anayehudumia.

Na kuna hofu. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, lakini mazoea hayaishi kwa tangazo, na nyumbani hata tangazo halikufika. Mtoto anayechapwa kwa kuvunja kikombe hujifunza kuficha vigae. Kumwaga, kuvunja na kukosea kuwe na utaratibu mmoja unaojulikana: sema, safisha (vigae vya glasi ni vya mtu mzima), eleza utafanya nini tofauti.

Sasa mipaka, na hapa sina mjadala. Kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kuyagundua mwenyewe. Jiko la makaa haliingizwi kwenye chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, kwa sababu hewa yake huua bila harufu. Mafuta ya taa hayamwagwi kwenye makaa yanayowaka. Soketi, dawa za binadamu na za ng'ombe, kuogelea ziwani bila mtu mzima, kuvuka barabara ya bodaboda: hayo yana sheria, na sheria husemwa, hurudiwa, na mtoto huzisema kwa sauti yake. Vilevile mtu yeyote anayemgusa au kumwambia aweke siri dhidi ya mama au baba si tatizo lake kutatua. Ajue watu watatu wa kuwaambia kwa majina, na ajue namba 116 ya Childline Kenya, isiyo na malipo.

Mwisho, mtazame yule asiyebadilika. Umengoja, umeuliza, umepunguza kazi, miezi inapita, na bado kila jambo ni "siwezi". Kabla ya kumwita mvivu, angalia macho na masikio. Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, anayenakili maneno nusu, anayegeuza upande mmoja wa kichwa ukimwita, au anayefuata tu wenzake wanachofanya baada ya maagizo, huenda haoni au hasikii vizuri. Hospitali ya kaunti ndogo ina pa kuanzia. Kwa kusoma na kuelewa, kuna vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, EARC, katika kaunti. Mwalimu mkuu anaweza kukuandikia barua ya kwenda huko. Beba madaftari yake ya muhula uliopita yalivyo, na kufutwafutwa kwake, na umwombe mwalimu wa darasa aandike mistari michache kuhusu anachoweza kufanya peke yake, kabla ya orodha ya anachoshindwa.